Tupeane uzoefu: uliambiwa "hufuati masharti" ya kisukari, kumbe ni mfuko

Wakuu salaam. Nina kisukari aina ya pili, huu mwaka wa sita. Juzi kliniki kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimetoka asilimia 10.4, iko juu, daktari hajaniuliza kitu, kaandika "hafuati masharti" kaniongezea dozi. Sasa hiyo ya mwanzo yenyewe nilikuwa nameza mara moja badala ya mbili ili vidonge vya mwezi vifike miezi miwili, hii nyongeza naitoa wapi? Nikanyamaza, aibu, na nyuma yangu foleni. Nani yamemkuta? Tuambizane ukweli.

#2
Pole sana mkuu. Mimi ni mama, mwanangu ana aina ya kwanza. Kuna mwezi kibarua kilisimama nikaanza kumpunguzia uniti za insulini, nilidhani nabana matumizi tu. Siku ya tatu anatapika, anahema kama katoka kukimbia, mdomo unanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Alilazwa siku tano, na bili ya hapo ingetosha insulini ya miezi mingi. Aina ya kwanza mwili hautengenezi insulini, kwahiyo hakuna cha kusubiri mshahara. Alafu friji sina, vichupa ambavyo havijafunguliwa vinatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, navitunza kwa jirani, akisafiri nashika kichwa.

#3
Dah, jirani anakuwa sehemu ya matibabu kabisa. Mimi mlinzi wa usiku, nachoma insulini. Karatasi inasema choma kisha ule, ila chakula chenyewe sijui kitapatikana saa ngapi. Kuna usiku nilichoma nikakosa cha kula, sukari ikashuka, jasho jembamba, mikono inatetemeka, mwenzangu akanikorogea sukari kwenye kikombe nikanywa ndo macho yakarudi. Toka hapo siku sina uhakika wa kula sichomi. Mashine ya kupimia ninayo, nilipewa bure, stripu zake, vile vijikaratasi vya kuwekea damu, ndo sizimudu, kwahiyo ipo tu kabatini.

#4
Mimi ni muuguzi na hilo neno "hafuati masharti" nimeliandika mara nyingi sana, naumia nikikumbuka. Tulikuwa tunauliza "unameza dawa?" kila mtu anajibu ndiyo. Siku hizi nauliza "zimebaki ngapi, na mara ya mwisho ulinunua lini?" hapo ndo mtu analegea anasema. Ukimwongezea dozi mtu ambaye hamezi, siku akipata hela akazimeza zote kama ilivyoandikwa, sukari inaweza kushuka vibaya, hasa kama anachoma insulini. Na zipo dawa mpya zinazosaidia kulinda moyo na figo, ila wengi wanaohangaika kununua hata metfomini, kile kidonge cha kawaida cha kisukari, hawazioni kabisa. Inaniuma zaidi kwa sababu waliogundua insulini waliuza hati miliki yake mwaka 1923 kwa dola 1 kila mmoja, walitaka imfikie kila mtu.

#5
Baba yangu alikanyaga msumari, mguu una ganzi ya kisukari hakusikia, akatembea nao kutwa nzima ndani ya kiatu. Kidonda alikificha wiki tatu tusiingie gharama. Wamekata chini ya goti.

#6 (mwanzisha mada)
Pole kwa mzee, ndugu yangu. Muuguzi asante, umenipa ujasiri. Kliniki ijayo naenda na pakiti zangu, tupu na zilizobaki, na tarehe nimeziandika kwa kalamu juu, namwekea mezani ahesabu mwenyewe. Wengine endeleeni kuandika, nasoma zote.