Acheni kuwaambia wasomaji wapya waanze na kitangulizi, mnawaharibia!

Wakuu, limenifika shingoni. Kila mtu akiuliza "nataka kuanza The Wheel of Time, ule mfululizo wa riwaya za fantasia wa Robert Jordan, nianzie wapi?" hachelewi kutokea mjuaji wa kumwambia aanze na New Spring, kitangulizi chake. Sababu? Eti ndiyo ya kwanza kwa mpangilio wa matukio. Wa pili anaunga mkono, wa tatu anaongeza kwamba hata Narnia, vile vitabu vya watoto vya C. S. Lewis, ni hivyo hivyo, na mtoto wa watu anaondoka na kitabu ambacho hakikuandikwa kwa ajili yake.

Kitangulizi kinasimulia yaliyotokea kabla, lakini kimeandikwa baada. Mwandishi anapokiandika anajua anaongea na nani: mtu ambaye ameshamaliza vitabu kadhaa, wahusika anawajua kwa tabia zao, sasa anataka kuona walivyokuwa ujanani. New Spring ilianza kama hadithi fupi mwaka 1998, ndani ya mkusanyiko wa Legends uliohaririwa na Robert Silverberg. Wakati huo The Eye of the World, kitabu cha kwanza cha mfululizo, ilikuwa sokoni tangu 1990 na vitabu saba vilishatoka. Robert Jordan akaipanua ikawa riwaya kamili Januari 2004, katikati ya kitabu cha 10 na cha 11. Cha 10 na cha 11! Halafu wewe unampa mtu aanze nacho?

Tazameni kinachopotea. Mwanzoni mwa The Eye of the World tuko na vijana wa kijijini. Anafika mwanamke mgeni, Moiraine, na mlinzi wake Lan ambaye hana hata tabasamu. Vijana hawajui amefuata nini. Wamekua wakiambiwa wanawake wa aina yake, wenye nguvu za kichawi, si wa kuaminiwa, na kila anapowaokoa unabaki kujiuliza anafanya hivyo kwa faida ya nani. Anasema kweli, ndiyo, lakini kweli ipi na ipi ameibakiza moyoni? Sehemu kubwa ya hofu ya kitabu kile imesimama juu ya swali hilo. Aliyetokea New Spring hana swali lolote. Ameshakaa ndani ya kichwa cha Moiraine, lengo lake analijua, anajua hata siku aliyokutana na Lan. Tena kuna siri moja kubwa ya White Tower, makao makuu ya wanawake hao, ambayo sisi wengine tuliifikia kwa kunusanusa, yeye amekabidhiwa mkononi. Siitaji hapa, maana kuna ambao hawajasoma na hawajanikosea kitu.

Mdogo wangu alishauriwa hivyo na mtu anayejiita mtaalamu wa riwaya za fantasia. Akafungua, akakutana na majina ya wanawake mfululizo, kila mmoja na kundi lake na rangi yake, nani anamwinamia nani na kwa kigezo gani, mitihani, viapo. Kuna sehemu wanafunzi wanatumwa kuandika majina ya wanawake waliojifungua siku za vita. Aliyesoma vitabu vya mwanzo anapitia majina yale moyo ukimdunda, kwa sababu anajua ni mtoto gani anatafutwa na atakuja kuwa nani. Mdogo wangu aliona orodha tu. Akakiweka chini, na leo ukimtajia mfululizo ule anasema unachosha. Wale vijana wa kijijini hawajui: hajakutana na Mat, hajakutana na Perrin, Rand mwenyewe, mhusika mkuu, hajamsikia akiongea hata neno moja! Hili ndilo linaloniuma zaidi, maana namjua, angevipenda vitabu vile.

Na hao wa Narnia. The Lion, the Witch and the Wardrobe, kitabu cha kwanza kuandikwa, ilitoka 1950. The Magician's Nephew, kitangulizi chake, ilitoka 1955, ikiwa ya sita. Matoleo ya 1994 yakaipa namba moja, na tangu hapo watu wanaapa kwa namba iliyo mgongoni mwa kitabu. Someni basi kilichoandikwa ndani! Jina la Aslan, yule simba mkuu, linapotajwa kwa mara ya kwanza kwenye The Lion, the Witch and the Wardrobe, msimulizi anasema hakuna mtoto kati ya wale aliyemjua Aslan ni nani, kama ambavyo wewe msomaji humjui. Sasa aliyeanza na kitangulizi ameshamwona Aslan akiiumba nchi nzima. Sentensi ile kwake imekuwa uongo. Vivyo hivyo Lucy, mmoja wa watoto hao, anapopenya kati ya makoti kabatini, anakanyaga theluji, anaona taa ya barabarani inawaka peke yake katikati ya msitu. Nani kaiweka? Umeshamwambia. Mmewatia mchanga kwenye kitumbua chao.

Najua mtaniletea barua ya C. S. Lewis ya 1957 kwa mtoto wa Marekani aliyependelea mpangilio wa matukio. Ileteni yote. Kwenye barua hiyo hiyo Lewis anasema huenda haijalishi sana mtu anasoma kwa utaratibu upi. Alikuwa mpole kwa mtoto, hakuwa anatunga sheria.

Sitazungumzia sana wanaomwanzishia mtu na The Silmarillion, kitabu kigumu cha Tolkien cha hadithi za kale za dunia yake, kabla ya The Lord of the Rings. Hao nawaona wakatili.

Kwa hiyo New Spring isomwe lini? Mimi nasema baada ya kitabu cha 10, pale pale ilipotoka. Hicho cha 10, Crossroads of Twilight, ni kizito na kinakwenda polepole mno, wasomaji wengi walikilalamikia, na New Spring ni fupi kuliko vyote, inakurudishia pumzi. Asiyeweza kusubiri asiiguse kabla ya kumaliza cha tano, na waliofika hapo wanajua kwa nini nimetaja cha tano. Kabla ya hapo, hapana.

Mwenye hoja tofauti aje nayo. Ila asije na "mimi nilianza nacho na nikaelewa". Kuelewa hakuna anayekubishia. Nakuuliza hivi: ulipofika The Eye of the World, ni lini ulimwogopa Moiraine?