Msanii mwenye ajira: ndoto inakua au inakufa?

Binti Ujiji: Wadau, naomba ushauri. Mdogo wangu ni karani hapa Kigoma mjini, usiku anaandika riwaya. Anataka kuacha kazi. Anasema wahusika humjia ndotoni, ila akikurupuka awahi kusaini daftari la mahudhurio, wanakuwa wameshamkimbia. Aache?

Mzee wa Isevya: Asithubutu. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, na mashairi tunayo. Nyerere katoa *Mabepari wa Venisi* 1969 akiwa rais. Mdogo wako ana shughuli kuliko rais?

Kijana wa Mwanga: Mzee, Nyerere alipanga foleni ya maji lini? Msanii kamili hana bosi. Ukiendekeza mshahara utaishia kama wale wanaoandika "Saluni, Karibuni" ukutani halafu wanajiita wasanii.

Rangi Mbili: Hapo umenikanyaga. Nachora vibao hapa Tabora mwaka wa kumi na nne huu, watoto wanasoma. Tingatinga alikuwa mtumishi wa nyumbani kwa Mwingereza, akachora kwenye hadibodi kwa rangi za baiskeli. Naye hakuwa msanii?

Kijana wa Mwanga: Alichora chui, kaka. Hakuandika "Leo Fedha Kesho Mkopo."

Rangi Mbili: Mimi nikichora kichwa chenye panki, mtu anaingia ndani anataka kichwa kilekile. Chui gani amewahi kujaza kinyozi?

Mzee wa Isevya: Ngoja kwanza. Ile "KINYOZI" ya njia ya stesheni, Z imetazama nyuma, ni mkono wako?

Rangi Mbili: Shikamoo mzee. Z ile si yangu! Mwenye saluni aliniambia nimalizie kesho, usiku akamalizia mwenyewe ili asinilipe.

Mzee wa Isevya: Marahaba. Miaka yote nimekulaumu bure.

Mvuvi wa Kibirizi: Nirudi kwenye swali. Dagaa tunawavua kwa taa, giza likiwa zito. Mbalamwezi ikikolea hawaifuati taa, tunaanika nyavu. Siku hizo ndizo zangu za kutunga. Sijaacha kazi, kazi ndiyo huniacha kila mwezi. Ila nikitunga mfululizo zaidi ya hapo, mashairi yanapwaya, sijui kwa nini.

Kijana wa Mwanga: Dagaa ndoo bei gani sasa hivi?

Mvuvi wa Kibirizi: Nimeongea yote hayo umeona dagaa tu?

Kijana wa Mwanga: Mashairi hayapikwi, mkuu.

Rangi Mbili: Kumbe na wewe una njaa. Tafuta bosi.

Binti Ujiji: Nimemsomea mdogo wangu mjadala wote. Ya Shaaban Robert kayapita, ya Nyerere kayapita. Kaganda kwenye ile Z. Anauliza Rangi Mbili, mwenye saluni alipoulizwa alijitetea vipi? Anasema anaitaka hiyo.

Rangi Mbili: Mwambie aje na elfu kumi. Ile Z ilishaniponza mara moja, siitoi bure tena.