Noah imetoboa bloku, ninunue injini ya mtumba au nifufue hii?

Wakuu salaam. Nina Noah ya zamani, SR40, injini 3S. Juzi natoka Kaliua, nimeshaipita Urambo, ikaanza kugonga, kisha kishindo, oili yote chini. Fundi hapa Tabora anasema konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, imekatika ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini. Nifanyeje? Gari hii ndiyo inasomesha watoto.

Mwana wa Ipuli: Pole mkuu. Yangu ilinifia njia ya Nzega, nikalala porini siku mbili na mzigo wa watu. Tangu hapo mimi na injini ya petroli basi.

Fundi Cheyo: Konrodi haikatiki bure. Ni chuma kilichofuliwa kikiwa cha moto chini ya nyundo ya mashine. Beringi yake ndiyo hutangulia kufa, kwa kukosa oili. Taa ya oili iliwaka lini?

Mleta uzi: Iliwaka Kaliua. Lakini abiria walishalipa, usiku ule ningewashusha wapi?

Mama Asali: Na kama ungewaua je? Roho za watu hizo, baba.

Fundi Cheyo: Bloku hiyo achana nayo. Injini unayoitaka imetoka gari gani?

Mleta uzi: RAV4. Dalali kasema 3S ni 3S. Bei ilikuwa nzuri, nimeshamtumia laki sita aishikilie.

Fundi Cheyo: Ya RAV4 inakaa kimkingamo, yako imekaa kwa urefu chini ya viti. Sampu (bakuli la oili la chini), manifoldi (mabomba ya hewa na moshi) na mauntingi (vishikio vya injini) utavihamisha kutoka kwenye yako. Pima kompresheni, yaani mgandamizo, silinda zote nne, tofauti isizidi bar 1. Fungua sampu uangalie vumbi linalong'aa, hilo ni chuma kilichosagika. Kama ilishafunguliwa, hakikisha vifuniko vya konrodi havikuchanganywa. Kila kimoja huchongwa pamoja na konrodi yake. Ukikipeleka kwa nyingine tundu halikai duara, beringi inakufa tena.

Jicho Kali: Uzi wa kutunga huu. Bloku imetoboka, Tabora kafikaje? Dalali huyu, subirini aweke namba ya simu.

Mleta uzi: Nilivutwa na Fuso ya tumbaku kutoka Usoke. Siuzi chochote, ndugu yangu.

Mwana wa Ipuli: Fuso ilikutoza ngapi?

Mleta uzi: Elfu themanini. Fundi, nimempigia dalali, anasema haipimiki, iko chini sakafuni.

Fundi Cheyo: Ikiwa na gia boksi na stata, betri tu inatosha kuizungusha ukapima hapo hapo chini. Mwambie unakuja Jumamosi na fundi wako.