Mrejesho: Kumwachia prodyuza usukani wa nyimbo

Wakuu, niliuliza kama ni salama kumwachia prodyuza wa hapa Mwanza aamue kila kitu kwenye nyimbo zangu tatu. Asanteni kwa majibu. Tulivyokubaliana: biti, vyombo na mpangilio anaamua yeye, mashairi na melodi ya kiitikio haviguswi bila kuniuliza. Demo (rekodi ya mfano) nimempa sauti na gitaa tu, kwa kliki (mlio wa kuhesabia mapigo) ya mapigo 96 kwa dakika, faili za sauti za WAV zenye ubora wa 24-bit, zote zikianzia sekunde 0, la sivyo hazipangani. Marekebisho raundi mbili. Mgawo wa umiliki tumeuandika kabla ya kurekodi, kwa sababu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hutenganisha haki za mtunzi na za mtayarishaji wa rekodi. Hili ndilo lililonipa amani kuliko yote.