Makumbusho ya sanaa za mapambo Paris na maonyesho ya nguo za kale, mtu asiyejua fasheni atafaidi nini?

Mama Bitana
Wakuu habari zenu. Mimi na mzee wangu tutakuwa Paris na kuna mchana mmoja hauna ratiba. Nataka twende Musée des Arts Décoratifs, ile ya rue de Rivoli kwenye jengo la Louvre, kuna maonyesho ya mavazi ya zamani. Mzee anasema hatoi hela yake akaangalie magauni gizani, maana kuna jamaa kamwambia mle ndani taa hafifu mpaka maelezo unayasoma kwa kukisia. Ni kweli giza kiasi hicho? Na kuna chochote cha mtu asiyejua koseti (kile kibana kiuno) wala krinolini (fremu ya kutanua gauni)? Mimi nashona, najijua nitaganda kwenye vioo, ila sitaki aninunie safari nzima.

uzi_na_sindano
Giza ni kweli dada, na hata ulalamike hawaongezi. Hariri na rangi za zamani zinakufa kwa mwanga, na ubaya wake madhara yanajumlika tu, gauni likishachujuka ndo basi hata ulifungie stoo miaka mia halirudi. Kwa hiyo makumbusho mengi yanaweka nguo kwenye luksi 50 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga) wakati ofisi ya kawaida ni 300 mpaka 500, piga hesabu mwenyewe. Ndo maana pia pale fasheni haina ukumbi wa kudumu, nguo zinatoka stoo kwa maonyesho ya muda halafu zinarudi kupumzika, sasa kabla hujakata tiketi angalia kuna nini tarehe zako. Macho yakizoea unaona vizuri tu, usiingie umetoka juani ukaanza kukimbilia kabati la kwanza.

Na kwa kuwa unashona, gauni usiliangalie kwa mbele, zunguka mgongoni. Tafuta mstari wa vitundu vidogo vya sindano pale mshono wa mwanzo ulipofumuliwa. Karne ya 18 kitambaa cha hariri ndo kilikuwa mali, ujira wa fundi ulikuwa nafuu ukilinganisha, kwa hiyo gauni lilifumuliwa likashonwa upya kwa mtu mwingine, na wewe unaona alama ya rinda la zamani inapita mahali haina kazi kabisa, au ua la kitambaa limekatwa nusu kwapani maana fundi alikuwa anabana kila kipande. Hapo naweza kusimama mpaka mlinzi aanze kuniangalia vibaya.

Ah na usishangae viuno vyote vidogo, sio kwamba watu wote walikuwa vile. Nguo kubwa ilikuwa na kitambaa cha kutosha kukatwa nyingine, ndogo haikumfaa mtu ikabaki kabatini, ndo hiyo tunayoiona leo.

Kalia Kiti
Mimi nilikuwa kama huyo mzee hahaha, nimeshaburuzwa pale na shemeji yenu. Mwambie aachane na magauni aangalie viti. Sitanii mjue, ghorofa nyingi zina fanicha, kuanzia zama za kati mpaka za juzi. Kuna vile viti vya Ufaransa vya karne ya 18, mikono yake haianzii mbele kwenye kona ya kiti, imerudishwa nyuma, unajiuliza seremala alikuwa analewa? Halafu unakutana na gauni lenye matenga mawili ya kiunoni, limetanuka huku na huku, ndo unaelewa kiti kilimpisha nani. Kwa makumbusho ya nguo peke yake hiyo usingeipata.

Na krinolini ile ya pete za chuma ya miaka ya 1850 ni uhandisi kabisa. Kabla yake mwanamke alibeba lundo la sketi za ndani ili gauni litanuke, pete zikaja kubeba kazi hiyo miguu ikapumua. Asikose pia vyumba vya Jeanne Lanvin, yule mbunifu wa mavazi, Armand-Albert Rateau, mbunifu wa mapambo ya ndani, alimtengenezea miaka ya 1920 na vimehamishiwa mle: chumba cha kulala kuta za hariri ya bluu, na bafu ambalo mimi nilikaa kuliko nilivyokaa kwenye magauni yote.

Mpita Njia
Nyongeza fupi. Tiketi ya Louvre haiingii hapo japo jengo ni lilelile, na Jumatatu wamefunga (Louvre yenyewe ni Jumanne, watu wanachanganya). Palais Galliera nayo ni makumbusho mengine ya mitindo, mtaa mwingine kabisa, usije ukashuka huko. Tiketi chukueni mtandaoni, yale maonyesho ya nyumba ya fasheni ya Dior ya 2017 yaliingiza watu zaidi ya 700,000, foleni ilikuwa si ya kitoto. Ila mimi kwa maoni yangu maonyesho ya nyumba moja ya fasheni ni tangazo lenye taa nzuri, ukipata yale yanayochanganya karne ndo unashiba zaidi.

Mama Bitana
Asanteni sana jamani. Nimemsomea ya viti, kalainika. Sasa anauliza kama anaruhusiwa kukalia.

Kalia Kiti
Mwambie athubutu. Na flashi azime.