Kamera ndogo ya safari kwa wazazi: Lumix TZ95, Canon SX740 HS au Sony RX100 VII?

Kifungua Mimba

Wadau, hamjambo. Mimi na wadogo zangu wawili tunachanga fedha tuwanunulie wazazi kamera kabla ya safari yao ya Desemba. Watapanda treni ya SGR hadi Mombasa, na wakirudi watashuka Emali waelekee mbuga ya Amboseli. Baba ana miaka 68 na hasomi bila miwani. Mama ndiye mpiga picha wa nyumbani, lakini mikono yake imeanza kutetemeka kidogo. Simu wanazo, ila tembo akiwa mbali hutoka kama jiwe lililoachwa mbugani. Nimebaki na hizo tatu, ambazo zote zina uzito wa takriban gramu 300 na huingia mfukoni mwa koti. Mngechagua ipi?

Mpiga Picha wa Harusi

Kwa ubora wa picha, Sony haina mpinzani hapo. Sensa yake, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ina ukubwa wa milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni kama mara nne ya sensa za hizo nyingine, na tofauti hiyo utaiona jua linapozama au mkiwa sebuleni na taa moja. Tatizo ni lenzi, ambayo katika kuvuta vya mbali huishia milimita 200, wakati Lumix hufika 720 na Canon 960; namba ikiwa kubwa, mnyama huonekana karibu zaidi. Mle Amboseli gari haliruhusiwi kuacha njia kumfuata mnyama, kwa hiyo akisimama mbali, ni lenzi tu itakayomsogeza. Hata hivyo, mimi ningenunua Sony, na wazazi wangejifunza.

Mama Syokimau

Ndugu yangu, wewe unajinunulia kamera, si wazazi wa mwenzio!

Baba yangu tulimpa Canon hiyo ya 2018, na sina ugomvi na picha zake. Ugomvi wangu ni na jua la saa saba mchana, kwa kuwa kamera hiyo haina kitundu cha kuchungulia na kioo cha nyuma hugeuka kama bati jipya. Mzee alikuwa akivua kofia na kuifunika kamera ili aone kama twiga bado yumo, na akishamwona, twiga ameshahama. Halafu ukimsogeza mnyama kwa lenzi hadi mwisho, mara 40, huku umenyoosha mikono mbele, mtikisiko mdogo tu humtoa mnyama nje kabisa, hata kama kamera ina kinga ya mtikisiko.

Lumix TZ95 ina kitundu hicho. Si kikubwa, lakini ukikibandika jichoni, kamera huegemea uso na viwiko hubana mbavuni, kwa hiyo mikono inayotetemeka hupata pa kutulia. Kando yake kuna kigurudumu cha kurekebisha uoni, na Baba anaweza kukizungusha mpaka aone vizuri. Sony nayo inacho, ila hujificha ndani na ni lazima ukiibue kila mara. Sasa mweleze hayo mzee wa miaka 68 huku simba anavuka barabara.

Fundi Kariokor

Naongezea ya mezani kwangu. Mtu akikuuzia Sony kwa bei ya kushangaza, iwashe papo hapo dukani ufungue menyu, kwa sababu zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na menyu ya Kijapani pekee, na lugha haibadilishwi. Mimi mwenyewe niliuziwa moja hivyo.

TZ95, iliyotoka 2019, huchajiwa kwa waya wa zamani wa micro-USB. Mrithi wake, TZ99 ya 2025, ana USB-C kama simu za siku hizi, lakini kitundu cha kuchungulia kimeondolewa, kwa hiyo msikimbilie mpya kwa sababu ni mpya.

Vumbi la Amboseli ni adui wa lenzi zinazotoka na kurudi ndani: Mama aizime kamera kabla gari halijaondoka, kisha aifunge katika mfuko wa kitambaa, maana plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga zetu tangu Juni 2020.

Mpiga Picha wa Harusi

Habari ya kofia imenishinda. Lumix, basi, ila mwongeze betri ya pili.

Kifungua Mimba

Asanteni sana. Mdogo wangu wa mwisho bado anaitetea Sony, nami nashuku anajua nani atakayeiazima Januari. Jumamosi nitamtoa Mama hadi mjini kwa kisingizio cha kuchagua vitenge, tupitie dukani aishike Lumix mwenyewe; akiweza kuiwasha na kuvuta picha bila kuniuliza, nitalipa.