A Love Supreme ya Coltrane: napotea katikati, niisikilize vipi?

Langoni_Lamu
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Albamu hii ya John Coltrane, mpiga saksafoni wa jazi, yanipa tabu. Mwanzo naufuata vizuri, lakini ikikaribia dakika ya tano saksafoni yaanza kuhangaika, sishiki tena wimbo. Ile sehemu ya mwisho nayo haina hata mapigo ya kufuata. Nasikilizia simu, barazani jioni. Tatizo ni mimi au simu?

BesiNene
Wa alaykum salaam. Simu kwanza. Kipande cha kwanza kimejengwa juu ya noti nne za besi ya Jimmy Garrison, na spika ya simu besi haitoi. Unabaki na saksafoni na matoazi, utakosaje kupotea? Vaa hedifoni. Upatu ukishalia na Coltrane akimaliza utangulizi wake mfupi, Garrison anaingia: F, Ab, F, Bb (hiyo b ndogo ni noti iliyoshushwa nusu hatua). Zivumishe mdomo ukiwa umefumba mpaka zikukae.

Hapo unapopotea hakuna wimbo mpya. Coltrane anazichukua noti hizo hizo nne na kuzihamisha ngazi hadi ngazi, yaani kuzianzia kwenye noti nyingine, mpaka azipitie ngazi zote 12. Sikiliza umbo lake, usijali sauti imeanzia juu au chini. Kisha anaimba jina la albamu kwa mdomo, noti zile zile, sauti yake ikiwa imeongezwa baadaye juu ya rekodi. Kabla ya mwisho kiitikio kinashuka hatua nzima, kutoka F hadi Eb. Hapo anakupeleka kipande cha pili, Resolution, ambacho kiko Eb ndogo (maina, ngazi yenye huzuni). Wengi hawalioni hilo, na kwangu ndilo tamu kuliko yote.

Mkomani
Hiyo ya mwisho, Psalm, imeachwa bila mapigo makusudi. Coltrane aliandika dua, ikachapwa kwenye jalada, naye anaisoma kwa saksafoni silabi kwa silabi bila kuitamka. Tafuta maandishi yake, uyafuate kwa kidole. Ukipoteza mstari usirudi nyuma: ngoja maneno ya kumshukuru Mungu, kwani kila yakija sauti inateremka na kutua. Aliyezoea utenzi ukighaniwa hapa Lamu ataelewa haraka; mghani hahesabu, anafuata maneno na kuvuta kwenye kituo. Mpiga ngoma Elvin Jones yuko nyuma na timpani, zile ngoma kubwa za umbo la bakuli.

Na kama simu imewekwa kuchanganya nyimbo, zima. Kipande cha tatu, Pursuance, kinaishia kwa besi peke yake na kuingia Psalm moja kwa moja.

Zumari_Malindi
Mimi nisingemwanzishia mtu hapo. Aanze na albamu Saxophone Colossus ya mpiga saksafoni Sonny Rollins, ya 1956. Wimbo wake St. Thomas ni kalipso, mtindo wa Karibi, ya baa (mafungu ya mapigo) 16, unaihesabu kwa vidole. Solo ya Rollins inaanza na noti mbili tu, anazigeuza weee mpaka zinazaa sentensi. Max Roach akimaliza ngoma zake, kalipso inageuka swingi, mwendo wa kuyumba wa jazi.

Mkomani
Rollins sawa, lakini mwenzetu keshaingia kwa Coltrane. Mbona umtoe?

Langoni_Lamu
Shukran. Na zile ngoma za mwanzo wa Pursuance, zahesabiwa?

BesiNene
Ni solo ya Elvin, dakika moja na nusu hivi, iache ipite. Anza kuhesabu Coltrane akiingia: baa 12, bluzi ya Bb ndogo, ila mbio zake ni kali. Ukiachwa, shikilia tena pale McCoy Tyner anapoanza piano.